Kodi Tunalipa, Msimbo Tunafichwa

Kodi unaijua. Ukinunua sukari dukani, ukitia petroli kwenye boti, ukituma pesa kwa simu, serikali imeshachukua chake kabla hujakaa chini. Tumezoea. Lakini kuna kitu kingine kinachokuamulia mambo kila siku na pengine hujawahi kukiona hata kwa picha. Kinaitwa msimbo.

Najua vijana wa mjini nacho wanakiita kodi, kwa hivyo wacha nitenganishe mapema tusije tukachanganyikiwa. Kodi ni pesa unayolipa. Msimbo ni yale maandishi ambayo mtengeneza programu huiandikia kompyuta ili ijue la kufanya. Mtu akibonyeza hapa, fungua ukurasa ule. Nyumba yake ikiwa ya makuti, mhesabie kiasi hiki. Jina lake lisipopatikana, mkatae.

Hebu soma tena hayo mawili ya mwisho. Huo ni uamuzi juu ya maisha ya mtu, na kuna mahali umeandikwa, neno kwa neno, na binadamu kama wewe na mimi. Hoja yangu leo ni moja tu: msimbo unaoamua haki zako, uliolipiwa kwa pesa zako, una haki ya kuuona. Na kijana anayeandika msimbo wake ili kusema na serikali hafai kulala selo.

Naandika nikiwa Ndau, mbali na kelele za mji niliouzoea. Kama hujafika, Ndau ni kisiwa cha Wabajuni katika Lamu Mashariki, ukishaiacha Pate nyuma kuelekea Kiwayu. Watu wa hapa ni wavuvi. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahd, iko Lamu mjini, na mgonjwa wa Ndau haendi kwa matatu, anaenda kwa boti. Sasa utaniuliza, mambo ya msimbo na Ndau yanahusiana vipi? Yanahusiana sana. Tuanze na hiyo hospitali.

Tangu Oktoba 1, 2024, NHIF ilikwenda zake na SHA ikachukua nafasi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, hesabu nyepesi. Lakini mvuvi hana hati ya mshahara. Leo kapata kamba, kesho kusi inachafua bahari na wiki nzima anarudi mikono mitupu. Huyo naye anatakiwa alipe asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mapato yake yanajulikanaje? Anaulizwa maswali. Nyumba yake imeezekwa nini, kuta ni za nini, choo ni cha aina gani, anapikia nini, ana mali gani. Majibu yanaingia kwenye mfumo, mfumo unakadiria, na simu inamletea kiasi cha kulipa.

Kwenye simu mvuvi anaona maswali, kisha anaona jibu. Kilichotokea katikati haonyeshwi. Ni swali lipi lililompandishia malipo? Ni paa? Ni boti aliyoazimwa na mjomba wake? Hajui, na hata afisa aliyemsajili hana pa kumwonyesha. Hicho kilichojificha katikati ndicho msimbo.

Sasa sikiza hii. Mapema mwaka 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, ilisema kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Kwa mujibu wa mkataba, umiliki wa mfumo na haki zote za ubunifu wake zinabaki kwa kundi la kampuni zilizouleta, likiongozwa na Safaricom. Serikali ina majibu yake kuhusu namna malipo yanavyofanyika, na bungeni wameshavutana vya kutosha. Swali langu mimi ni dogo zaidi. Kama hata serikali si mwenye mfumo, mvuvi wa Ndau akitaka kujua amehesabiwa vipi, amwendee nani?

Sheria inamlinda, kwenye karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kinaendelea kusema kwamba hata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine ana haki nazo, kama anazihitaji ili kulinda haki yake. Mtu mwingine ni pamoja na kampuni. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo nayo katika sehemu yake ya 35 inasema mtu ana haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, pasipo binadamu kuuangalia. Maneno mazuri kabisa. Lakini utaipinga vipi hesabu ambayo hujaiona?

Hapa ndipo yanapoingia majukwaa ya kushirikishana msimbo. Maarufu zaidi ni GitHub, na wenzake ni kama GitLab na Codeberg. Usiogope majina. Ni maghala ya wazi ambamo watu huweka msimbo wao ili wengine wausome, waukosoe, waurekebishe, wauchukue wakautumie kwao. Yamejengwa juu ya kifaa kiitwacho Git, alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005. Uzuri wake ni kwamba kila badiliko hubaki na kumbukumbu: nani kabadilisha, lini, mstari upi, na ule wa zamani ulisemaje. Huwezi kufuta kimyakimya usiku ukategemea asubuhi hakuna atakayegundua.

Mtu wa Lamu hili halimpi shida. Nenda Matondoni ukaone jahazi likijengwa. Halijengwi ndani ya chumba kilichofungwa. Linajengwa ufuoni, jua linawaka, na kila mpita njia ana neno lake. Mzee atasimama, atagonga ubao kwa kidole, atamwambia fundi hapa pana ufa, tia kalafati tena. Fundi anaweza kukasirika, lakini ufa umeonekana kabla chombo hakijapakia watu. Msimbo wa wazi ni jahazi linalojengwa ufuoni. Msimbo uliofichwa ni jahazi unaloambiwa tu panda, ni zima, tuamini sisi. Ufa utauona mko katikati ya bahari.

Na usidhani huu ni mtindo wa Wazungu tunaoletewa. Wakenya walikuwa mbele katika jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ikiwaka na vyombo vya habari vikizuiwa kutangaza moja kwa moja, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walisimamisha Ushahidi, Januari 2008. Watu walituma habari za mashambulizi kwa simu na kwa mtandao, zikaonekana kwenye ramani. Kisha wakauachia ulimwengu ule msimbo. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoiangusha Haiti mnamo Januari 2010, programu iliyozaliwa kwenye vurugu zetu ndiyo iliyotumika kuonyesha waliokwama wako wapi. Neno letu la Kiswahili likawa jina la chombo cha kuokoa watu wasiojua hata Kenya iko upande gani wa dunia.

Mwaka 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana walirudia kazi ileile kwa njia zao. Walitengeneza programu za kuueleza mswada kwa lugha ya mtu wa kawaida, yaani hiki kikipita, bei ya kile itapanda. Hawakungoja zabuni. Walitengeneza, wakaachia.

Halafu ikaja 2025, na hapa ndipo panaponiuma.

Rose Njeri, mtengeneza programu wa Nairobi, alitengeneza ukurasa mdogo wa mtandaoni. Ulieleza vipengele vya Mswada wa Fedha wa 2025, na ulikuwa na kitufe. Ukikubaliana na pingamizi zile, unabonyeza, na barua pepe inatoka kwako kwenda kwa Karani wa Bunge la Taifa na kamati ya fedha. Basi, kitufe tu. Mei 30, 2025 alikamatwa. Wikendi ya Madaraka, siku tunayosherehekea kujitawala, aliimalizia korokoroni. Juni 3 alifikishwa mahakamani Milimani na kushtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, eti ameingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Aliachiliwa kwa dhamana. Juni 20, hakimu Geoffrey Onsarigo aliyatupa mashtaka yale, akisema hayaonyeshi kosa lolote.

Mahakama ilifanya kazi yake, shukrani. Lakini tazama alichoshtakiwa nacho. Hakuvunja neno la siri la mtu, hakuiba data, hakuzima tovuti ya Bunge. Alirahisisha kazi ambayo Kifungu cha 118 cha Katiba kimelipa Bunge lenyewe, yaani kuwashirikisha wananchi. Bunge linapochapisha gazetini kwamba maoni yaletwe, linadhani kila mtu yuko hatua mbili kutoka Parliament Road. Mtu wa Ndau hawezi kufika Nairobi kutoa maoni. Hata kikao kikiletwa Lamu mjini, kuna nauli ya boti, kuna siku nzima ya kazi iliyopotea, kuna maji kupwa na kujaa. Kwa mtu kama huyo kile kitufe ndicho boti. Na mwenye boti ndiye aliyefungiwa.

Hofu ndiyo adhabu kubwa kuliko kesi yenyewe. Njeri aliachiliwa, lakini ni vijana wangapi waliokuwa na wazo kama lake, wakalifuta usiku ule? Hawa hawatahesabiwa na mtu. Na mambo hayajapoa. Oktoba 15, 2025 Rais alitia saini marekebisho ya sheria hiyohiyo. Yanaipa kamati ya kitaifa ya uhalifu wa kompyuta uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe ikithibitika inaendeleza mambo yaliyo kinyume cha sheria. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vya marekebisho hayo. Kama kitufe cha barua pepe kilionekana uhalifu mwezi Mei, nani atatuambia kesho kitaonekana uhalifu nini?

Watu wataniambia, wewe ni kijana, hujui mambo ya usalama. Msimbo wa serikali ukiwekwa wazi, wezi wataingia.

Kwanza, neno usalama tusifundishane. Wavuvi wa Lamu waliishi miaka kadhaa chini ya marufuku ya kuvua usiku, na sababu iliyotolewa ni hilohilo neno. Tunajua kwamba usalama ni muhimu, na tunajua pia jinsi neno hilo linavyoweza kumnyima mtu chakula bila mtu yeyote kuulizwa swali.

Pili, msimbo na data ni vitu viwili. Nikitaka kuona namna mfumo unavyohesabu, sijaomba kuona maradhi ya jirani yangu. Mapishi ya pilau yanaweza kubandikwa ukutani na bado usijue nani alikula sahani ngapi. Data ya watu ifungwe kwa kufuli saba. Kanuni ya hesabu iwe wazi.

Tatu, tayari tunafanya hivyo na nchi haijaanguka. Takwimu za afya za Kenya, kuanzia zahanati hadi hospitali za rufaa, tangu 2011 zinakusanywa kwa mfumo wa DHIS2 uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na msimbo wake uko wazi kwa dunia nzima. Kliniki nyingi za wagonjwa wa HIV zinatumia KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, mfumo ulioanza kutokana na kazi ya Eldoret, ambao nao uko wazi. Estonia, nchi ambayo watu wake hupiga kura kwa mtandao, iliweka hadharani kwenye GitHub msimbo wa seva za kura mwaka 2013. Majirani zetu Ethiopia wamejenga kitambulisho chao cha Fayda juu ya MOSIP, mfumo wa wazi ambao yeyote anaweza kuusoma. Kwa hivyo kinachotuzuia ni utashi, si teknolojia.

Na uwazi hupunguza moto. Kumbuka Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais. Mahakama ilikuwa imeamuru seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, amri haikutekelezwa ipasavyo, na majaji wakalitia hilo kwenye mizani. Mwaka 2022 tume ikaja na jambo jingine. Fomu za 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa mtandaoni, kila Mkenya akajumlisha mwenyewe sebuleni. Kesi ilikuwepo, maneno yalikuwepo, lakini mtu angeweza kusema kituo changu nimekiona. Sasa 2027 inakuja. Fomu tutaziona, inshallah. Msimbo unaozisafirisha je?

Kwetu Wabajuni kuna jambo lililo karibu zaidi na ngozi, nalo ni kitambulisho. Kwa miaka na miaka vijana wa mpakani, Wabajuni wakiwemo, walipitishwa kwenye usaili wa ziada kuthibitisha Ukenya wao, kwa kuwa tu wana jamaa upande wa pili wa mpaka. Februari 2025 Rais alitia saini Wajir tamko la kuufuta usaili huo. Alhamdulillahi. Lakini ubaguzi ukitolewa mezani kwa chifu unaweza kurudi kupitia dirisha la kompyuta, bila sauti. Mtu akiandika sharti kwamba jina la aina hii au mahali pa kuzaliwa kama hapa papelekwe kukaguliwa zaidi, hutalisikia. Utaambiwa tu "subiri, iko kwenye mfumo". Januari 2020, katika kesi iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum na wenzao kuhusu Huduma Namba, Mahakama Kuu ilisema mfumo huo usiendelee bila sheria madhubuti za kulinda watu, na ikakataa kabisa uchukuaji wa DNA. Leo tuna Maisha Namba. Jina limebadilika, swali ni lilelile: nani ameusoma msimbo wake kwa niaba yetu?

Sasa nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Haya majukwaa yenyewe si malaika. GitHub ni mali ya Microsoft, iliyoinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Iko chini ya sheria za Marekani. Mwaka 2019 watengeneza programu wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamewekewa vizuizi, baadhi wakikosa hata kuifikia kazi yao wenyewe, kwa sababu ya vikwazo vya Washington. Wairani walifunguliwa Januari 2021, baada ya kampuni kupata kibali. Hawakuwa wamemkosea mtu. Walizaliwa tu upande usiotakikana.

Na uwazi una gharama. Mwaka 2019 watengeneza programu wa China walilalamikia kazi ya saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, kwa kufungua ukurasa GitHub, na vivinjari kadhaa vya nchini mwao vikauzuia. Mwaka uliofuata vijana wawili wa Beijing walikamatwa kwa kuhifadhi humohumo makala za korona zilizokuwa zimefutwa mtandaoni. Walihukumiwa miezi 15. Kwa hivyo ghala la wazi ni mahali pa haki, na ni mahali pa kuonekana pia. Anayekutafuta atakuona.

Dawa yake iko ndani ya Git yenyewe. Kila anayechukua nakala huchukua kitu kizima, pamoja na historia yake yote. Vyuo vyetu, kaunti zetu, vikundi vya vijana viweke nakala hapa nyumbani za kila msimbo unaotuhusu. Mzee mwenye akili haweki nyavu zake zote kwenye mashua moja.

Mimi si mhandisi. Karo ilikwisha, nikaacha chuo kabla ya kumaliza. Karo ilikwisha lakini masomo hayakukwisha, kwa sababu nilisoma kwa kupekua msimbo wa watu nisiowajua, usiku, bando ikiwa nafuu. Hakuna aliyeniomba cheti. Ndiyo sababu nasema ghala la wazi ni suala la haki ya elimu pia, na ndiyo sababu nataka kijana wa Ndau aliyemaliza kidato cha nne asione maneno ya Kiingereza matupu akifika pale. Amri za kompyuta ni za Kiingereza, sawa, hizo ni chache na hukaririwa. Lakini maelezo, mafunzo, sababu za kila hatua, hayo yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ya taifa kwa mujibu wa Kifungu cha 7. Kazi hiyo haihitaji digrii. Inahitaji mtu anayejua Kiswahili na mwenye subira, na watu hao Lamu hawapungui.

Basi tudai nini? Mimi nina matatu.

La kwanza, mfumo wowote unaoamua haki ya mtu na uliolipiwa kwa pesa ya umma, msimbo wake uwe wa umma na uwekwe mahali unaposomeka. SHA, Maisha Namba, eCitizen, mifumo ya uchaguzi. Mkataba mpya usitiwe saini bila kipengele hicho.

La pili, kila uamuzi wa mashine uje na sababu kwa Kiswahili cha kueleweka, na uje na jina la ofisi yenye binadamu wa kusikiliza rufaa. "Mfumo umekataa" si jibu.

La tatu, Bunge liirekebishe ile sheria ya 2018 iseme wazi kwamba kuandika na kushirikisha msimbo wa kuwasaidia wananchi kusema na viongozi wao si kosa. Tusingoje kila mara hakimu mwema.

Na wewe unaweza kuanza wiki hii, hata huna kompyuta. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa ofisi ya umma kwa Kiingereza au Kiswahili, na kama hujui kuandika, afisa anatakiwa akusaidie. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikaa kimya, unalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Andika mistari miwili: nimehesabiwa kiasi hiki, naomba kanuni iliyotumika. Barua moja wataiweka kabatini. Barua mia nne kutoka Ndau, Kiwayu, Faza na Siyu zinahitaji kabati jipya.

Usiniambie haiwezekani. Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu huko Malindi iliamua kesi ya bandari ya LAPSSET, iliyofunguliwa na watu wa Lamu hawahawa. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Soma hukumu ile vizuri. Miongoni mwa haki ambazo mahakama ilisema zimevunjwa, pamoja na mazingira na utamaduni, ilikuwemo haki ya kupata habari. Mradi unaogusa riziki yako, lazima uelezwe kabla haujakufikia mlangoni.

Bandari ni mradi unaoonekana, una mashine na matingatinga. Msimbo nao ni mradi, ila hauna vumbi. Wavuvi wa Lamu waliuliza juu ya ule wa kwanza, wakashinda. Huu wa pili unaingia nyumbani mwako kupitia simu uliyoshika sasa hivi. Uulize.